Sukari ya Wageni

Mama Tumsifu alipofariki, niliitwa kumwosha. Hatukuwa ndugu wa damu, ila mwanawe alisema marehemu alilitaja jina langu siku za mwisho, na kwa kuwa nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, wanawake wa kijiji cha Yakobi waliniachia upande wa miguu bila maneno mengi. Chumba kilikuwa kilekile cha nyuma, kile ambacho zamani kilikuwa stoo ya viazi, na ingawa sasa kina sakafu ya saruji na dirisha la vioo, nilipovuta pumzi nilisikia bado harufu ya udongo wa viazi. Kwenye muundi wa kushoto palikuwa na kovu, pana kama kiganja, laini, rangi yake imefifia kuliko ngozi ya pembeni. Mmoja wa wale wanawake, kijana, aliuliza kama bibi aliwahi kugongwa na gari. Nikamjibu kwamba aliungua na pombe ya moto. Sikuongeza neno, maana kazi ile haitaki hadithi na maji yalikuwa yanapoa. Nilipitisha kitambaa juu ya kovu mara ya pili, bila sababu, kisha nikaendelea na nyayo.

Watu wakiandika habari za maisha yao huanza na babu yao na ng'ombe wa babu yao. Mimi nikisoma huziruka kurasa hizo, kwa hiyo sitamtesa mtu nazo. Inatosha kusema kwamba mwaka ninaoukumbuka nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, sina kazi, na najua Kibena, Kiswahili cha shule na Kiingereza cha kuombea kazi. Zilikuwa enzi za ruksa. Maduka ambayo tangu utoto wangu yalikuwa na rafu tupu yalianza kujaa ndoo za plastiki, khanga, betri, na mitumba iliyonuka dawa ya nondo. Watu wengi wa umri wangu wanaukumbuka wakati huo kwa viatu vyao vya kwanza vya maana. Mimi naukumbuka kwa mayai na mguu wa mwanamke mmoja.

Dokta Leonia alikuja Njombe kwa basi kutoka Dar es Salaam, amepakata sanduku la mbao kama mtu aliyepakata mtoto. Ndani mlikuwa na hadubini, imeviringishwa kwenye khanga mbili. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata akiomba chumvi, na alikuwa daktari wa kemia, si wa sindano, jambo ambalo Yakobi hawakulikubali mpaka anaondoka. Asubuhi nyingi alikuta mtu mlangoni na mtoto anayekohoa. Alitaka msaidizi wa kumtafsiria na kumbebea vitu, akanipata mimi. Alichokifuata ni matunda ya miiba, yale madogo meusi yanayoota pembezoni mwa misitu na kwenye makorongo, ambayo sisi tuliyala tukitoka shule na kurudi nyumbani midomo imekuwa ya zambarau. Yeye aliyaita forosadi mwitu. Alikuwa na wazo kwamba ile rangi yake nyeusi ina kitu kinachozuia mishipa ya damu kuota. Nilimwuliza ni nani angetaka mishipa yake ya damu isiote. "Mwenye uvimbe mbaya," akasema. "Uvimbe ule ni kama mpangaji mkorofi. Ukishahamia mwilini unajivutia bomba lake la damu. Likate bomba, uone kama utanenepa." Matunda yenyewe hayakuweza kusafiri, kwani yakifika Dar yalikuwa yameshageuka pombe. Kwa hiyo badala ya kuyapeleka maabara, aliileta maabara kwenye matunda, na maabara hiyo ikawa stoo ya viazi ya Mama Tumsifu.

Mama Tumsifu alikuwa mtu wa Ipelele, huko Makete, aliyeolewa Njombe na kubaki Njombe baada ya mumewe kufariki. Alitupangisha chumba cha kulala na ile stoo. Siku za kwanza alituandalia chakula sebuleni, kwenye meza yenye kitambaa cha kufuma, vikombe vyenye maua na chupa ya chai katikati. Ilikuwa miezi ya baridi, asubuhi nyasi zimeganda sakitu, na sebule ile haikuwa na moto. Dokta akasema hakuja Njombe kufa, akabeba sahani yake mpaka kibanda cha jiko nyuma ya nyumba, akaketi kwenye kigoda karibu na mafiga. Mama Tumsifu alimtazama, akacheka mpaka akashika kiuno. Tangu siku hiyo tukala jikoni, wote watatu, viazi vya kuchemsha vikimwagwa kwenye ungo mmoja, kila mtu akimenya vyake, chumvi ikiwa kwenye jani. Moshi wa kuni za miwati ulitutoa machozi na hakuna aliyelalamika. Nimekula kwenye hoteli nzuri tangu hapo, na bado nikisema neno "chakula" akili yangu huenda kwenye ungo ule.

Kwenye mwanga wa mafiga ndipo nilipouona mguu. Mwaka uliotangulia alikuwa anapika pombe ya komoni ya kuuza, pipa likainama, uji wa moto ukammwagikia muundini. Kidonda hakikufunga. Asubuhi na jioni alikiosha kwa maji ya chumvi, akakipaka dawa nyeusi, akakifunga kitambaa. Hospitali ya mjini walimwambia aende kila juma kisafishwe, na kwamba kikifika kwenye mfupa watakata mguu. Alikwenda mara moja tu. "Wananikwangua kama sufuria," alisema, "halafu wananifokea." Shamba lake la viazi lilikuwa kwenye mteremko ambao mimi mwenye miguu miwili mizima niliupanda nikishika nyasi. Hakuwa na mtu wa kumlimia. Tumsifu, mwanawe, alikuwa bado shule. Hakuzungumza habari za kukatwa, ila mara nyingi nilimwona amesimama uani, amekanyagia mguu mzima na kuuinua kidogo ule wa kidonda, kama anayejaribu kitu, na akinigundua alijifanya anafukuza kuku. Dawa yenyewe ilitokana na matunda yaleyale ya miiba, aliyoyapika kama mama yake alivyopika huko Ipelele. Unaweza kufikiri Dokta alivyofurahi. Alijaribu kwanza maji ya matunda mabichi, yakatuletea ukungu, kwa hiyo akamwomba Mama Tumsifu dawa iliyopikwa, na siku ya pili tukapewa chupa safi iliyozibwa kwa gunzi la mahindi.

Kazi yangu mimi ilikuwa mayai. Yai lenye jogoo, likikaa kwenye joto siku kadhaa, huota ndani utando mwembamba wenye mishipa ya damu. Dokta alikata kidirisha kwenye ganda kwa wembe, akaweka juu ya utando kipande kidogo cha karatasi kilichoroweshwa dawa, akaziba kwa plasta na kulirudisha yai kwenye kabati lenye joto la taa ya chemli. Baadaye tulifungua kuona kama mishipa imeota chini ya karatasi au imeikimbia. Mara ya kwanza kuchungulia kwenye hadubini niliona moyo mdogo kuliko punje ya ulezi, unadunda, na mishipa imetawanyika kutoka hapo kila upande, na hakuna aliyeifundisha njia. Nilifurahi kiasi cha kuona aibu. Dokta alinisogeza kwa kiwiko akasema nisilipumulie yai.

Njombe mjini watu walikuwa wameanza kufuga kuku wa kisasa wasiojua jogoo, mayai makubwa na hayana kitu ndani. Kwa hiyo nilipanda basi kwenda Makambako kwa Bwana Shabani, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Ujiji, ambaye wanawake wa Igwachanya na vijiji vya jirani walimletea mayai ya kienyeji kwenye vikapu vya pumba. Makambako ilikuwa upepo, vumbi, na malori yanayopumua njia panda. Dukani kwake nilisubiri basi la kurudi na kusikiliza. Madereva walibishana habari za matairi. Mzee mmoja alishangaa kwamba siku hizi hata sabuni zina majina. Bwana Shabani alikuwa akinipangia mayai kwenye trei, kofia imeinama usoni, na mazungumzo yetu hayakubadilika sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu wa mayai. Haya mnayala au mnayasomesha?"

"Tunayasomesha."

"Yakifaulu unijulishe. Na sukari ya mama?"

"Nipimie."

Alipima ile aliyoniagiza Mama Tumsifu, akafunga kwenye karatasi. "Zamani sukari nilikuwa naiuza kwa kunong'ona," alisema, "sasa naipigia kelele. Lakini huyo mama yako kafungua hoteli? Juzi tu nimekupimia." Nilicheka. Njiani nikafikiri kwamba ni kweli, sukari ilikuwa inakwisha upesi, na chai ya nyumbani kwetu haikuwa imeongezeka utamu hata kidogo. Nikaliacha wazo hilo hapohapo, maana basi lilikuwa linaruka na mimi nilikuwa na mayai mapajani.

Dawa ile ya chupa haikufanya kitu. Mishipa ilipita chini ya karatasi kama watu wanaopita nje ya duka lililofungwa. Tulirudia, ikawa vilevile. Dokta akaibeba mpaka Dar, kwa mwenzake aliyekuwa akikuza seli kwenye visahani, na aliporudi alinieleza jikoni. Alimwaga unga kwenye ungo, akausawazisha, akapitisha kidole katikati ukabaki mfereji. "Hizi ni seli," akasema. "Ukizikwangua hivi, zikiwa hai zinaanza kutambaa, za huku na za huku, mpaka zinakutana. Ndivyo kidonda kinavyofunga. Nilitaka kuona kama dawa itazichelewesha. Haikuzichelewesha. Zimetembea kama zilizopewa maji matupu." Alikuwa amevunjika moyo, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuzungusha, alimgeukia Mama Tumsifu aliyekuwa anachochea moto. "Mama, dawa yako haina madhara yoyote." Yeye alikuwa anasema kwamba haina kazi. Mama Tumsifu alipokea kama mtu aliyepewa cheti. Kuanzia jioni ile alipaka dawa nene zaidi, na kila aliyempa habari za hospitali alimjibu kwamba daktari wa Dar es Salaam ameipima akaikubali.

Niliiona siri yenyewe mchana, macho wazi. Nilirudi kutoka Makambako mapema, nikaingia jikoni moja kwa moja kupasha mikono joto, trei zikiwa bado mikononi. Mama Tumsifu alikuwa na vyombo viwili motoni. Kwenye chungu cha zamani kilitokota kitu kizito, cheusi kama lami, harufu yake inakaba koo. Kwenye sufuria mpya ya aluminiamu kulikuwa na maji mekundu, mazuri, yaliyochujwa kwa kitambaa cheupe, na yeye alikuwa anayamiminia sukari kwa kikombe.

"Mama, hii ya sufuria ni ya nini?"

"Ya dokta. Chupa yake imekwisha."

"Na hiyo nyingine?"

"Hii ya mguu wangu."

"Si dawa moja?"

"Ni moja. Ila hii ya mguu ni kali, ina masizi, inanuka. Mtu ametoka Dar es Salaam, kaacha nyumba yake, ana elimu yake, nimpe kitu cha namna hii? Wee Oliva, hata maji ya kunywa mgeni humpi bila kuyachuja. Yake naiongezea maji isimchome, naichuja, naitia sukari. Mimi siwezi kuaibika."

Nilisimama na trei zangu. Nilishikwa na woga, na nilijua mara moja ninachokiogopa. Miezi yote ile tulikuwa tumeipima adabu yake. Dawa yake hatukuwa tumeigusa. Nikamwomba anipe na hiyo ya chungu. Akasema hiyo si ya wageni. Nikamwambia mimi si mgeni. Alifikiri kidogo, kisha akanichotea kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akasema nisimwonyeshe dokta kikombe hicho.

Nilimwonyesha. Dokta hakunikaripia wala hakucheka. Alichovya ncha ya kidole, akalamba, akatema nje ya mlango. Halafu akaanza kukata vidirisha. Siku tulipofungua mayai yale sikuhitaji hadubini. Kuzunguka kila karatasi palikuwa peupe. Mishipa ilifika karibu, ikapinda na kwenda zake, kama njia ya miguu inavyokwepa uwanja wenye mbwa mkali. Dokta alipiga makofi, akaimba kipande cha kitu cha kwao. Hilo ndilo alilolifuata, na alikuwa amelipata. Kisha akanyamaza, kwa sababu upande wa pili wa ukuta tulimsikia Mama Tumsifu akiguna, anafungua kitambaa mguuni.

"Mwambie," nikasema.

"Yai si mguu, Oliva. Nikimwambia na nimekosea, nimemnyang'anya dawa ya mama yake bure."

"Na kama hujakosea?"

Dokta alifunga safari ya Dar na kile kikombe, na siku alizokuwa huko nilimsaidia Mama Tumsifu kuosha kidonda. Kilikuwa kimechimbika. Chini kabisa, upande wa nje, niliona kitu cheupe ambacho sikutaka kukipa jina. Yeye alikuwa anaangalia paa. Dokta aliporudi alisema kabla hajavua koti, "Mfereji umebaki wazi. Seli hazikutembea." Akaenda jikoni na koti lake. Alisema palepale mlangoni, kwa sauti ileile ya kuomba chumvi: "Mama, nilikuambia dawa yako haina madhara. Nilipima isiyo yenyewe. Yenyewe inazuia mishipa kuota na nyama kusogea. Inakizuia kidonda kufunga. Acha kuipaka, na kesho uende hospitali." Mama Tumsifu aliweka mwiko chini, akaulaza vizuri juu ya mfuniko. "Asante, dokta," akasema.

Kesho yake hakwenda popote. Alichinja kuku. Alipika wali, ambao nyumba ile iliuona Krismasi tu, akaandaa sebuleni kwenye meza yenye kitambaa cha kufuma, vikombe vyenye maua, chupa ya chai. "Karibuni, wageni," alisema, mikono imefumbatana mbele ya khanga. "Mle mshibe." Akarudi jikoni akafunga mlango. Ikawa ndiyo hali ya nyumba. Wageni wameamkaje. Maji ya wageni ya kuoga tayari. Wageni wasisumbuke kuosha vyombo. Sijawahi kutukanwa vizuri namna ile, kabla wala baada. Dokta, ambaye kwao labda wanagombana kwa maneno, alidhani amesamehewa na akala kuku. Mimi wali niliuacha kwenye sahani, kwa sababu kila jioni moshi uliotoka jikoni ulileta harufu ya ile dawa ya chungu.

Nilivumilia siku chache. Kisha nikabeba sahani yangu, kama Dokta alivyofanya mara ya kwanza, nikasukuma mlango wa jiko.

"Wageni hawali jikoni," Mama Tumsifu alisema bila kugeuka.

"Basi sili." Niliweka sahani chini, nikafunua sufuria yake, nikachukua kiazi cha jana, cha baridi, nikakila na maganda yake.

"Utaumwa tumbo."

"Niumwe."

Aliniacha nikala cha pili. Halafu akasema, polepole, "Dawa ile alinifundisha mama. Hakuniachia kitu kingine, shamba walichukua kaka zangu. Sasa mtu anakuja na mayai yake ananiambia mama yangu alikuwa ananiua."

"Mama yako alikuwa akiwapaka watu wapi?"

"Penye kuvimba. Mtu akiota kitu shingoni, au jipu lisilokuwa na mdomo."

"Na vidonda?"

Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Vidonda alikuwa na majani yake mengine. Nilikuwa mdogo, sikuyashika. Hii ndiyo niliyoishika."

Nilichukua ungo, nikamwaga unga, nikausawazisha na kupitisha kidole kama nilivyofundishwa. Nikamweleza kwamba mguu wake ni huo mfereji, na nyama inataka kutambaa kutoka huku na huku ikutane, na damu iifuate na chakula. Dawa ya mama yake inaviambia vitu visiote. Kwenye uvimbe labda hiyo ni amri nzuri. Kwenye mguu wake inaiamuru nyama yake mwenyewe isimame. Aliuangalia unga muda mrefu. Kisha akaufuta ule mfereji kwa kiganja, akauangalia tena.

"Kwa hiyo mama hakukosea."

"Hakukosea."

"Mimi ndiye nimeipeleka pasipo pake." Alikung'uta mkono. "Kesho utanisindikiza hospitali. Wakinifokea, utawajibu wewe."

Walimfokea, nami nikawajibu. Walimkwangua kama sufuria, akanishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi, na nikagundua kwamba naweza kuangalia kidonda bila kugeuza uso. Nadhani maisha yangu yaliamuliwa kwenye benchi lile, ingawa wakati huo niliona tu kwamba dawa ya kusafishia inanuka vibaya. Tulikwenda kila juma, mpaka mvua zilipoanza na njia ya Yakobi ikawa utelezi. Kile cheupe kilifunikwa kwanza. Halafu kingo zikaanza kusogea, kidogo sana, kutoka huku na huku. Tulikuwa tumerudi jikoni kula, bila tangazo lolote. Siku moja meza ya sebuleni haikuandaliwa, basi. Mayai yaliyogoma kuota tuliyakaanga, na Mama Tumsifu ndiye aliyekula mengi. Dokta alilalamika. "Mama, umeniharibia kazi. Umeacha dawa, umesafishwa, na umekula mayai yangu, vyote kwa mara moja. Sasa nitajuaje ni kipi kilichokuponya?" Mama Tumsifu alikuwa anafunga jembe mpini. "Wewe tafuta, dokta," alisema. "Mimi nakwenda shamba."

Mwaka ulipokwisha, Dokta aliviringisha hadubini yake kwenye khanga zilezile akaondoka. Aliandika makala, na watu wa fani yake wakaisoma, au hawakuisoma. Miaka mingi baadaye aliniambia kwamba wengine, wenye umeme usiokatika, wameendelea na rangi za matunda ya namna ile, na kwamba jibu bado ni refu: kwenye kisahani hufanya hivi, mwilini hufanya vile, na mtu akiyala, tumbo huyavunjavunja mengi kabla hayajafika popote. Alisema hayo bila uchungu. Mimi huku wodini nimekuwa na sifa ya ukorofi, kwa sababu mgonjwa akinionyesha dawa anayoitumia nyumbani, humwambia anionyeshe na ile aliyoiacha jikoni. Wengi huwa nayo.

Kwenye msiba Dokta alikuja, amezeeka, anatembea na fimbo, ameletwa na gari la kukodi kutoka Makambako. Tulikaa sebuleni kwa sababu ndipo walipotukalisha. Aliinama sikioni kwangu. "Ulikiona?" akauliza. Nikasema nimekiona. "Kimefunga?" Nikasema kimefunga, Dokta, na nilipolisema hilo nililia, mimi ambaye tangu asubuhi nilikuwa nawagawia wengine vitambaa. Alinipigapiga goti kwa fimbo yake, sijui kama alikuwa ananibembeleza au ananinyamazisha. Tumsifu akaja, mtu mzima sasa mwenye mvi, ametushikia sahani zenye wali na vikombe vyenye maua. Aliviweka mezani. Halafu akatoa chini ya koti chupa ya soda iliyozibwa kwa gunzi, akampa Dokta kwa mikono miwili.

"Kila msimu mama alipika moja akaiweka kando," alisema. "Alisema ukija upewe. Ya msimu huu ndiyo hii."

Ndani ilikuwa nyeusi, nzito, haikutikisika aliponyanyua chupa kwenye mwanga. Dokta alizibua gunzi kwa shida, akachovya ncha ya kidole, akalamba. Uso ukamkunjika wote. Safari hii hakutema.

"Haina sukari," akasema, akainuka kwa fimbo yake, akachukua sahani yake, akaelekea jikoni.